Aliyeachwa Ndani Awaburudishe Wageni

Chapuo likipoa halilii. Ndiyo maana kwenye arusi za utotoni mwangu, pwani ya kusini, dalili ya kwanza kwamba ngoma i karibu ilikuwa moshi wa makumbi ya nazi nyuma ya nyumba. Mtu mmoja alichutama kando ya moto ule akiligeuzageuza chapuo lake kama anayechoma muhogo. Aliligonga kwa kidole, akasikiliza, akalirudisha motoni. Kikuba cha asumini kifuani, wanja machoni, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Sauti ilipopanda alivyotaka, alinyanyuka akaingia uani kwa wanawake, mahali ambapo mwanamume mwingine yeyote angetolewa kwa ufagio. "Shoga, lilize!" walimwita. Akaliliza. Bibi harusi hakutolewa nje kabla yeye hajapiga. Noti zilibandikwa kwenye paji la uso wake, na mama yangu, ambaye hela ndogo haikumtoka hivi hivi, alimtunza mara tatu.

Asubuhi yake nilimwona akipita mbele ya baraza la wanaume, chapuo kwapani. Alisalimu. Hakuna aliyeitikia. Mtoto wa rika langu alimzomea, "Shoga!", akamrushia kokwa la embe, na watu wazima wakacheka. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliona. Akaingia ndani.

Neno aliloitwa usiku na wanawake na neno aliloitwa asubuhi na yule mtoto ni lilelile. Katika Kiswahili cha wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa chanda na pete, wa kuazimana kanga na kufichiana siri. Wanawake wanaitana hivyo mpaka leo. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume anayependa wanaume, au anayejibeba kike, linageuka jiwe. Nimefundisha maigizo zaidi ya nusu ya umri wangu, na miaka hii ya karibuni nimeifanya kazi hiyo hapa Utende, kisiwani Mafia, upande wa ghuba ya Chole. Sijapata zoezi linalomfundisha mwigizaji uzito wa toni kuliko neno hilo.

Pwani ilimpa mtu yule ngoma, na nafasi ya kusimulia habari zake ikamnyima. Tulimtumia kufungua furaha zetu, kisha hatukutaka kujua anakula wapi, analala wapi, anampenda nani, nani alimpiga juzi. Ninachotaka kukisifu hapa ni ufundi unaoweza kulirekebisha kosa hilo: maigizo ya jamii, na hasa yale ambayo wanaume wapendao wanaume, wanawake wapendao wanawake na wote waliozaliwa nje ya ruwaza yetu ya jike na dume wanayatumia kudai wahesabiwe watu.

Ufundi huu hatukuuazima jana. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba igizo lililokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza, wakasikiliza. Wanakijiji wakataja yanayowasumbua, wakayatungia ngoma na michezo kwa mitindo yao wenyewe, wakacheza, kisha wakakaa kuyajadili. Mwaka 1996 njia hiyo ikaingia katika shule za sekondari kwa jina la Tuseme. Msichana ambaye asingethubutu kumwambia mkubwa yeyote kwamba mwalimu anamsumbua, aliweza kulisema hilo mbele ya shule nzima akiwa amevaa jina la mhusika. Kila aliyekaa pale alielewa, na hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole, kwa sababu aliyesema alikuwa mtu wa kwenye mchezo.

Ng'ambo ya pili ya dunia Mbrazil Augusto Boal, ambaye kitabu chake kuhusu maigizo ya wanaokandamizwa kilitoka mwaka 1974, alifika mahali hapo kwa kupitia njia nyingine. Alikuwa akilisimamisha igizo katikati na kuwauliza watazamaji: sasa afanye nini? Wao walisema, waigizaji wakatenda. Amesimulia jinsi mwanamke mmoja huko Peru alivyokataa kila namna waigizaji walivyolicheza wazo lake. Sivyo, alisema, sivyo, bado sivyo. Mwishowe akaambiwa apande mwenyewe. Akapanda. Tangu siku hiyo Boal hakumwachia tena mtazamaji kazi ya kutazama tu.

Watu husifu ujasiri wa maigizo haya wakasahau ufundi wake. Mimi nausifu ufundi. Ugumu wake mkubwa ni kujua pa kusimama. Ukilisimamisha igizo mapema mno, watu hawajaguswa, watakujibu kwa nasaha za msikitini na za mikutano ya kijiji. Ukichelewa, wameshalia, na machozi yamewatosha. Wanajifuta, wanakwenda zao wakiwa wepesi, na kesho hakuna kilichobadilika. Pa kusimama ni pale mkono ulipo hewani, kofi halijatua. Mwigizaji anayecheza baba mwenye hasira huushika mkono ule juu, bega linaanza kuuma, vidole vinatetemeka, na yeye haruhusiwi kuushusha mpaka mtu mmoja kati ya waliokaa mkekani aamue la kufanya. Nimewahi kuona mkono ukikaa juu muda wa kutosha birika la chai kuchemka. Katika muda huo hakuna anayeweza kujidanganya kwamba jambo hili ni la wengine.

Watu wa pwani hawana haki ya kuushangaa ufundi huu, maana mwimbaji Siti binti Saad aliujua. Wimbo wake wa Kijiti ulikuwa na kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mwuaji alikimbilia bara, na mzigo wa hatia ukawaangukia wanawake waliokuwa naye. Mahakama ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuifunga kesi. Wimbo ukaifungua upya, uani, barazani, na kila palipokuwa na santuri. Yule aliyeuawa hakuwa na ukoo mkubwa wa kumtetea. Alikuwa na sauti ya Siti. Ninapotafuta asili ya maigizo ya wanyonge katika lugha yetu, hapo ndipo ninapoanzia, kabla ya Boal na kabla ya chuo kikuu chochote.

Na waliojaribu kuyasema wazi mapenzi ya jinsia moja, katika Afrika Mashariki yetu, tunajua yaliyowapata. Agosti 2012 igizo la The River and the Mountain lilichezwa Kampala katika kumbi ndogo. Lilihusu mfanyabiashara kijana, shoga, ambaye mama yake anahangaika kumtibu asichoumwa, na ambaye mwisho anauawa na wafanyakazi wake mwenyewe. Baraza la vyombo vya habari lilikuwa limeagiza lisichezwe kabla halijapitiwa. Mtayarishaji wake, Mwingereza David Cecil, alikamatwa mwezi uliofuata. Shtaka likafutwa Januari 2013, na Februari akafukuzwa nchini. Habari za dunia zilimwandika yeye. Mimi huwafikiria zaidi waigizaji, Waganda, waliokuwa na majina yao kwenye matangazo, jirani zao, mama zao, na ambao hawakuwa na nchi nyingine ya kurudishwa. Okuyo Joel Atiku Prynce ndiye aliyemcheza yule kijana. Kila usiku alikubali kuuawa mbele ya watu wa mji wake ili wamwone aliyeuawa kuwa mtu.

Wakenya walipitia mlango mwingine. Kundi la The Nest, la Nairobi, lilizunguka kuanzia 2013 likirekodi simulizi za watu wapendao wa jinsia yao, sauti tu, bila sura. Kutoka katika simulizi hizo yakatungwa mapande matano mafupi, yakapewa waigizaji, ikawa filamu ya Stories of Our Lives, isiyo na rangi ila nyeusi na nyeupe. Ilionyeshwa Toronto Septemba 2014. Mwezi uliofuata bodi ya filamu ya Kenya ikaikataza kuonyeshwa nchini. Filamu si igizo la uwanjani, najua. Ninaileta hapa kwa sababu ya hatua yake ya pili, ile ya kuchukua sauti ya mtu na kuipa mwili wa mwingine. Anayeisema habari si aliyepatwa nayo. Aliyepatwa anaweza kukaa nyuma kabisa kati ya watazamaji, akaiona habari yake ikitembea, akawaona majirani wakiihurumia, na asiguswe na mtu. Kwa aliyezoea kusikia habari zake kwa matusi tu, saa moja ya namna hiyo ni dawa.

Hapa kwetu Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, mirathi ya Waingereza, kinatoa, kwa tendo la mapenzi kati ya wanaume, kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga mitaani na mitandaoni. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatamka kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi, wala si msimamo wa serikali. Lakini waliokwisha kuhama nyumba usiku, na waliokwisha kuacha kwenda kuchukua dawa zao hospitali, hawakurudishwa na tamko.

Kwa hiyo ufundi hapa unadai uangalifu ambao vitabu havikuuandika. Kule Kamĩrĩĩthũ, Kenya, mwaka 1977, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake walifanya mazoezi ya igizo lao hadharani. Wanakijiji walisimama pembeni wakiwasahihisha waigizaji, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya kazi ile mpaka serikali ilipoipiga marufuku. Anayeigiza habari za mashoga hawezi kufanya mazoezi ya wazi. Lazima aanze ndani, na watu wachache, kisha atafute namna ya kuufikia uwanja bila kumtoa mtu kafara. Kwangu ziko kanuni ambazo sizivunji. Mwenye kisa hakichezi kisa chake. Kisa kimoja hugawanywa kwa wahusika watatu: jeraha la huyu, kazi ya yule, kijiji cha mwingine. Na mwenye nacho anaweza kukirudisha nyumbani wakati wowote, hata tukiwa tumeshawasha taa. Aliwahi kukirudisha mmoja. Tuliwaomba radhi watu waliokaa, tukacheza mchezo wa Sungura na Fisi, na watoto wakafurahi sana.

Utende ni padogo. Ukikohoa usiku, asubuhi unapewa pole. Kina mama wanasuka ukili vibarazani, vijana wanakwenda baharini au wanapakia wageni wa hifadhi na hoteli, jioni mashua za Chole zinarudi, na kila mtu anajua mtoto wa nani amelala wapi. Hapa neno shoga la asubuhi ukilitamka kwenye mkutano, umefunga mkutano. Nilikaa muda mrefu nikitafuta mlango, na nilipoupata niligundua kwamba ulikuwa umezibwa kwa mawe.

Namaanisha Kua. Magofu yake yako kisiwani Juani, nyuma ya Chole, na kila mtoto wa Mafia amesikia kisa chake. Watu wa Kisimani, mji ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kulishusha. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa wakalazwa chini, na jahazi likashushwa juu ya miili yao. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, wakajenga chumba chini ya ardhi, wakawaalika Kisimani arusini. Ngoma ikapigwa. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, polepole, mpaka ndani wakabaki wageni na mzee mmoja wa Kua, aliyeachwa aendelee kuwaburudisha wasije wakashtuka. Mlango ukazibwa.

Mwaka jana, uani kwa mwenzangu, tulikicheza kisa hiki. Tulikuwa watu kumi na moja: kina mama wenye ukili wao, vijana wawili wavuvi, dereva mmoja wa bodaboda, fundi wa majahazi kutoka Chole, na wengine. Nilitandaza kamba mchangani kuwa ukuta. Wageni wakakaa ndani yake. Dereva wa bodaboda akawa yule mzee, akageuza dumu la lita ishirini kuwa ngoma, na alilipiga vizuri kweli. Fundi alichagua mwenyewe kuwa mwashi. Alikusanya makumbi yawe mawe, akaanza kuyapanga mlangoni kwa mkono uliozoea kupanga, moja juu ya jingine, akirudi nyuma kutazama kama mstari umenyooka. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja. Makumbi yalipofika magotini, nikapiga kofi. Wote wakaganda. Nilitarajia watu waongee habari za kisasi, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Mama mmoja, mtu mzima, ambaye hakuwa na nafasi katika mchezo, aliuweka chini ukili wake.

"Mwalimu, huyu anayepiga ngoma humu ndani, nani alimwambia abaki?"

"Simulizi haisemi, mama."

"Basi na wao hawakumwuliza."

Akasimama. Akajifunga kanga kiunoni, akaruka makumbi, akaingia ndani ya kamba na kumshika kijana yule mkono wa kupigia. Ngoma ikanyamaza. "Twende," alimwambia. Kijana, ambaye sikumfundisha neno hata moja, akajibu: "Nikiacha kupiga watajua." Mama akasema, "Wajue." Wakatoka pamoja. Mwashi akabaki na kumbi mkononi, akinitazama mimi, kisha akitazama ukuta wake. Alilishikilia muda mrefu. Halafu akaanza kuyaondoa, moja moja, kwa uangalifu uleule aliokuwa ameyapanga nao.

Tulipokaa kujadili, kwa muda mrefu hatukutoka Kua. Walisema juu ya mzee, juu ya mwashi, juu ya wale waliotoka wakijua. Kisha mama mmoja akasema, bila kumtazama mtu, kwamba hata arusini kwake alikuwapo mtu aliyekuwa akipiga ngoma namna hiyo, na kwamba baadaye vijana walimvunja mkono, na yeye alisikia siku hiyohiyo na hakwenda kumjulia hali. Hakumtaja jina. Wenzake walitikisa vichwa, walimjua. Mwingine akasema, "Na mimi alinipigia." Dereva wa bodaboda alikuwa akilichezesha dumu lake miguuni, hakuinua uso, na hakuna aliyemwuliza anafikiri nini. Neno lile la asubuhi halikutamkwa hata mara moja. Magharibi ilikaribia, watu wakaanza kukunja ukili wao, na yule mama aliyeingia ndani ya kamba aliniuliza mchezo huu utarudiwa lini, maana anataka mumewe auone.

Mpiga chapuo wa utotoni mwangu amekwisha kufariki. Sikupata kumwuliza neno lolote, na mama yangu pia hakuwahi kumwuliza. Lakini wewe unayesoma haya huenda unaye wako: anayewapambia bibi harusi, anayewashonea gauni za sherehe, anayeongoza ngoma na kuwachekesha mpaka alfajiri. Usimwulize mbele za watu. Ngoma ikiisha mpe kiti, mpe maji, msindikize mpaka mlangoni kwake, mpite wote wawili mbele ya baraza. Akisalimu na wao wakanyamaza, itikia wewe, kwa sauti.